Kabla Ramani Haijapakwa Rangi

Ukiishi Mwanda, huku kwenye milima ya Taita, ni rahisi kudhani kwamba mipango ya miji ni shughuli ya watu wa Voi. Huku juu tuna matuta ya mboga, chemchemi na vijia vya miguu. Kule chini kuna reli, barabara kuu ya Mombasa, maghala na nyumba za kupangisha. Lakini anayechora mpango wa ardhi wa kaunti haruki milima. Mwanda, Mgange, Werugha, Wundanyi: kila kituo cha biashara kinaweza kuchorewa mpango wake, na mpango huo ndio utakaosema maduka yajengwe wapi, mashamba yabaki wapi, barabara iwe na upana gani na upana huo umege ua wa nani. Isitoshe, ni familia chache za Mwanda zisizo na kijana, binti au shangazi aliyepanga chumba Voi au aliyenunua ploti huko. Mtaa wa makazi ukigeuzwa wa biashara kule chini, kodi hupanda, na simu ya kuomba msaada hupigwa nyumbani mlimani.

Nimeketi katika vikao vya kutosha vya kuwashirikisha wananchi, Voi na huku juu, kuona ni maoni gani hufika mbali na yapi huishia ukumbini. Ufasaha wa msemaji haujalishi sana. Maoni yanayofika mbali yaliletwa mapema, yaliandikwa, na yalitaja mahali panapojulikana. Yanayoishia ukumbini yalisemwa kwa uchungu, yakapigiwa makofi, kisha kila mtu akaenda kutafuta gari la kurudi nyumbani. Naandika haya ili maoni yako yawe ya kundi la kwanza.

Ardhi yetu ni finyu kuliko inavyoonekana kwenye ramani ya Kenya. Takriban asilimia 62 ya Kaunti ya Taita Taveta imo ndani ya mbuga za Tsavo. Sensa ya 2019 ilihesabu wakaazi 340,671, na hao wote wanagawana kilichobaki pamoja na ranchi, mashamba makubwa ya mkonge na miamba isiyolimika. Huku milimani shamba la babu limegawiwa wana, likagawiwa wajukuu, na kuna vipande ambavyo leo havimtoshi mtu kupanda kabichi na kujenga jiko. Kwa hiyo mpango wa ardhi ukikosewa hapa, hakuna ardhi nyingine ya kurekebishia kosa. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kikao cha mipango kinaweza kungoja mpaka mavuno yaishe.

Sheria iko upande wako kuliko wengi wanavyojua. Kifungu cha 10 cha Katiba ya 2010 kimeweka ushirikishaji wa wananchi miongoni mwa maadili ya kitaifa, na kifungu cha 196 kinalitaka bunge la kaunti liendeshe kazi zake hadharani na kuwahusisha wakaazi. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inasema katika kifungu cha 115 kwamba ushiriki wa umma katika mipango ya kaunti ni wa lazima. Kifungu cha 104 cha sheria hiyo kinakataza fedha za umma kutengwa nje ya mpango, cha 88 kinampa mkaazi haki ya kuwasilisha ombi rasmi, na cha 90 kinaruhusu hata kura ya maoni kuhusu uamuzi wa mipango au uwekezaji, ikiwa angalau asilimia 25 ya wapiga kura waliosajiliwa mahali kura hiyo itakapofanyika wametia saini. Kisha ikaja Sheria ya Mipango ya Maeneo na Matumizi ya Ardhi ya 2019, iliyochukua nafasi ya ile ya 1996. Hii ndiyo utakayoitaja mara nyingi. Ukifika ofisini ukataja jina lake na mwaka wake, mazungumzo hubadilika.

Maamuzi ya ardhi huja kwa njia mbili, na kila moja ina mlango wake. Njia ya kwanza ni mpango wa eneo zima. Kaunti au manispaa hutangaza kwamba inaandaa mpango, hukusanya habari, huchora rasimu, huitangaza, hupokea maoni na mapingamizi, kisha bunge la kaunti hupitisha. Njia ya pili ni ombi la mtu mmoja: jirani anataka ploti yake ya makazi iwe ya biashara, au shamba lake liwe kituo cha mafuta, au nyumba ya chini iwe ghorofa nne.

Hii ya pili ndiyo huwakuta watu wamelala. Sheria ya 2019 inamtaka mwombaji aujulishe umma na kuualika utoe mapingamizi. Mara nyingi utakachoona ni kibao kwenye uzio, au tangazo la mistari michache gazetini. Kibao hicho kisome mpaka mwisho. Kipige picha kwa simu siku hiyohiyo ili tarehe ibaki. Andika nambari ya ploti, matumizi ya sasa, matumizi yanayoombwa na siku ya mwisho ya kupeleka pingamizi. Kama kibao kimewekwa nyuma ya kichaka, au maandishi yake hayasomeki na mtu aliyesimama barabarani, piga picha ya hilo pia, kwa umbali unaoonyesha kichaka na barabara. Ukifika mbele ya kamati ya rufaa, picha hiyo itaeleza kwa nini majirani hawakujua.

Mpango wa eneo zima unadai jambo jingine, nalo ni kuwahi. Wananchi wengi huitwa rasimu ikiwa tayari imechorwa, imepakwa rangi na kubandikwa ukutani. Wakati huo mchoraji ameshalipwa sehemu ya pesa zake, afisa ameshaitetea mbele ya wakubwa wake, na kila badiliko linahesabiwa kama usumbufu. Nafasi yenu kubwa ilipita miezi iliyotangulia, siku wale vijana wenye vifaa vya kupimia walipopita wakiuliza maji mnateka wapi na watoto wanasoma shule gani. Wale ndio wanaoandika mpango. Wakifika, msiwajibu kwa mkato. Waelekezeni. Muulizeni chifu au msimamizi wa wadi wanafanya kazi ya nani, rasimu itatoka lini, na maoni ya maandishi yapelekwe ofisi gani.

Vizuri zaidi, wawakute na ramani yenu. Hili ndilo ningependa kila kijiji cha Mwanda kifanye, na halihitaji fedha za mfadhili. Chukueni siku moja ya wiki isiyo ya soko. Watoke wazee wawili watatu wanaojua mipaka ya zamani, akina mama wanaoteka maji, na kijana mwenye simu inayoweza kuweka alama za mahali. Tembeeni. Kila chemchemi iandikwe kwa jina lake la Kidawida, na kando yake iandikwe kama maji yapo mwaka mzima au hukauka kiangazi, na kama kuna mikaratusi iliyopandwa karibu nayo. Andikeni josho la ng'ombe, hata kama halitumiki, maana ardhi ya umma isiyotumika ndiyo ya kwanza kutamaniwa. Andikeni njia za miguu ambazo watoto hupita kwenda shule, sehemu zilizowahi kuporomoka wakati wa mvua kubwa, uwanja wa mpira, na ploti ya soko jinsi ilivyopimwa awali.

Andikeni pia fighi. Misitu hii mitakatifu ya wazee wetu ilikuwa ngome na mahali pa ibada, na kwa sababu yake miti ya asili imebaki kwenye vilele ambavyo vingekuwa vipara. Mchoraji kutoka Nairobi haoni fighi. Anaona kipande cha msitu kisicho na mwenyewe, ambacho kinaweza kuwa mahali pa mnara wa simu au nyumba za wageni zenye mandhari nzuri. Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006 inaruhusu maeneo ya aina hii kulindwa kitaifa, lakini hatua ya kwanza ni fighi kuonekana kwenye mpango wa kaunti kama eneo la turathi, likiwa na mipaka yake. Mzee akisita kuwaonyesha vijana mahali hapo, heshimuni. Kubalianeni naye kuweka alama ya eneo bila kueleza yaliyomo.

Na sasa rasimu imebandikwa. Watu huingia ukumbini, huitazama ramani kama picha ya ukutani, kisha huketi. Usiketi. Isogelee. Tafuta kwanza kitu unachokijua bila shaka, kwa mfano kanisa, shule au njia panda, kisha fuata barabara kwa kidole mpaka ufike nyumbani kwako. Halafu soma rangi. Katika mipango ya Kenya, kwa kawaida makazi huwa kahawia, viwanda zambarau, elimu rangi ya chungwa, maeneo ya burudani kijani, matumizi ya umma manjano, biashara nyekundu, huduma kama maji na umeme buluu, na usafiri kijivu. Mara nyingi kuna nambari pia, makazi yakiwa 0, viwanda 1, elimu 2, burudani 3, matumizi ya umma 4, biashara 5, huduma 6, usafiri 7. Ukiona kijivu kimeongezeka upana mbele ya ua wako, barabara itapanuliwa. Ukiona manjano ya zahanati mliyoahidiwa imekuwa nyekundu, uliza hapohapo nani aliomba.

Njoo na rula ya mtoto wa shule. Chini ya ramani kuna kipimo. Kikiwa 1:2,500, sentimita 1 kwenye karatasi ni mita 25 ardhini. Barabara iliyochorwa kwa milimita 4 ni ya mita 10. Pima kutoka katikati ya barabara mpaka ukuta wa nyumba yako kwenye ramani, kisha nenda nyumbani ukapime kwa hatua. Nimewaona watu wakipinga barabara ambayo haikuwagusa, na wengine wakiishangilia barabara iliyopita katikati ya jiko lao. Kabla hujaondoka, piga picha ya ramani nzima, ya jedwali la rangi, na ya kona iliyoandikwa jina la mpango, tarehe na nambari ya rasimu. Rasimu hubadilika kimyakimya, na bila nambari hutajua mlijadili ipi.

Kuhusu kikao chenyewe nitasema machache. Daftari la mahudhurio huwatia watu wasiwasi, kwa sababu wamesikia saini zao zikitajwa baadaye kama kibali. Woga huo una msingi, ila kukataa kusaini hakusaidii, kwani utaonekana hukuwapo. Saini, kisha andika kando ya jina lako kwamba maoni yako yamo katika barua. Omba kumbukumbu za kikao zisomwe kabla watu hawajatawanyika, angalau yale mambo makuu. Kama afisa anaeleza kwa Kiingereza kitupu, mama mmoja asimame amwombe kwa adabu aeleze kwa Kiswahili au atafutwe wa kutafsiri kwa Kidawida. Mahakama ya Juu ilitamka mwaka wa 2019, katika kesi ya kampuni ya sigara ya British American Tobacco, kwamba ushiriki wa umma lazima uwe wa kweli, usiwe wa kujionyesha, na kwamba watu waelezwe kwanza jambo lenyewe ili waweze kulichangia. Mtu ambaye hajaelewa hajashirikishwa, hata kama alipewa soda na nauli.

Dai pia kikao kije kwenu. Mkaazi wa Mwanda akiitwa Voi kwa saa nne asubuhi, anaondoka nyumbani alfajiri, anapoteza siku ya shamba na analipa nauli ya kwenda na kurudi. Atakayemudu ni mwanamume mwenye biashara, na kwa hiyo maoni ya Mwanda yatakuwa maoni ya wanaume wenye biashara. Mwandikieni msimamizi wa wadi na mwakilishi wenu katika bunge la kaunti mapema, mkiomba kikao Mwanda, siku isiyo ya soko wala ya mazishi, saa ambayo mama ameshatoka mtoni. Na kule Voi, wapangaji waalikwe. Ni kosa kubwa, nalo limezoeleka, kumwona mwenye hatimiliki peke yake kuwa ndiye mwenye neno. Mpangaji ndiye anayekunywa maji ya bomba la mtaa huo na kupita katika tope lake.

Barua ndiyo kazi halisi. Ukurasa mmoja unatosha. Iandike kwa Kiswahili bila wasiwasi, maana ni lugha rasmi kwa mujibu wa Katiba. Juu kabisa weka jina la mpango au nambari ya ploti inayoombewa mabadiliko. Kisha sema wewe ni nani kuhusiana na mahali hapo: jirani, mpangaji, mkulima anayetumia maji ya mto huo, mzazi wa mtoto wa shule iliyo kando. Hatimiliki ikiwa bado kwa jina la marehemu babu, kama zilivyo nyingi huku kwetu, hilo lisikuzuie. Eleza tu kwamba wewe ni wa familia na unaishi hapo. Halafu sema jambo moja au mawili, sababu yake, na unachoomba badala yake.

Kwa mfano: "Mimi ni mkaazi wa kijiji hiki na ninateka maji katika chemchemi iliyo chini ya ploti inayopendekezwa kuwa ya biashara. Napinga matumizi hayo kwa sababu eneo ni mteremko, na maji machafu ya maduka na vyoo yataingia katika chemchemi inayotumiwa na wakaazi wa kijiji na shule ya msingi. Naomba eneo la biashara lihamishiwe upande wa juu wa barabara, na ardhi inayozunguka chemchemi ionyeshwe kwenye mpango kama eneo la hifadhi ya maji. Nimeambatisha picha na orodha ya majirani wanaoafiki."

Ona kwamba barua hiyo haimtukani mtu, haidai rushwa ilitolewa, na haikatai maendeleo ya soko. Inampa afisa kitu cha kufanya. Majirani kumi wakiandika barua kumi, kila mmoja kwa sababu zake, zina uzito kuliko barua moja iliyonakiliwa mara kumi. Chapisha nakala mbili. Moja iache ofisini, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo nyumbani. Karani akisema muhuri haupo, mwombe aandike kwa mkono jina lake, tarehe na saini. Nakala hiyo hifadhi pamoja na hatimiliki na vyeti vya kuzaliwa.

Wapo watakaouliza kama taabu hii yote iliwahi kuzaa kitu hapa kwetu. Iliwahi, na ilikuwa Voi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, makazi ya Tanzania-Bondeni yalikuwa mtaa wa watu wa kipato kidogo waliojenga kwenye ardhi isiyo yao, sehemu yake ikiwa ya shirika la reli. Serikali ya Kenya, kupitia Wizara ya Serikali za Mitaa, na shirika la Ujerumani la GTZ zilikuwa na mradi wa kuendeleza miji midogo, na mtaa huo ukachaguliwa kuboreshwa. Njia iliyozoeleka ingekuwa kupima ploti, kutoa hatimiliki moja moja na kuondoka. Watu walijua kilichotokea kwingineko kwa njia hiyo: maskini hupewa hati, huuza wakati wa shida, na baada ya miaka michache mtaa una wenyewe wapya.

Jambo la maana lililofanyika Tanzania-Bondeni ni kwamba wakaazi waliwekewa mezani zaidi ya njia moja ya kumiliki ardhi, wakaelezwa faida na hasara za kila moja, wakajadiliana na kuchagua. Walichagua ardhi imilikiwe kwa pamoja na amana ya jamii. Mtu angemiliki nyumba yake na kuirithisha, ila ardhi iliyo chini yake isingeuzwa kwa mgeni yeyote mwenye pesa. Ilikuwa amana ya kwanza ya aina hiyo nchini Kenya. Wataalamu wawili wa mipango kutoka Marekani, Ellen Bassett na Harvey Jacobs, waliandika juu yake mwaka wa 1997, na hadi leo wanafunzi wa mipango ya miji katika nchi za mbali husoma habari za mtaa wa Voi ambao wengi wetu tunaupita tukielekea stendi.

Natoa mafunzo mawili kutoka hapo. La kwanza ni swali la kuuliza katika kila kikao: chaguo la pili ni lipi? Afisa akileta mpango mmoja tu na kuomba maoni, anaomba ruhusa. Mwambieni alete angalau njia mbili za kufikia lengo lilelile, pamoja na gharama za kila moja na nani ataguswa. Funzo la pili ni chungu zaidi. Baada ya uamuzi ule mzuri, makaratasi yalikwenda pole pole. Sheria za ardhi za wakati ule hazikuzoea umiliki wa namna hiyo, ikabidi pasajiliwe chama cha wakaazi na wadhamini wake kando, na maafisa wengi hawakujua wafanye nini na ombi kama hilo. Shauku ya watu ilipungua wakisubiri. Kwa hiyo mnapochagua kamati ya kusimamia mpango, msichague wasemaji pekee. Chagueni mtu mwenye subira ya kufuatilia faili, anayejua kuandika tarehe, na ambaye hatachoka kurudi katika ofisi za kaunti Mwatate akiambiwa mwenye faili yuko likizo.

Ukikataliwa, njia ipo, lakini ni fupi. Chini ya sheria ya 2019, mwombaji au mtu mwenye maslahi asiyeridhika na uamuzi wa waziri wa kaunti kuhusu ombi la kuendeleza ardhi ana siku 14 tangu uamuzi kukata rufaa kwa kamati ya kaunti inayoshughulikia migogoro ya mipango ya ardhi. Kamati hiyo nayo ina siku 14 za kusikiliza na kuamua. Asiyeridhika tena huenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Siku 14 huisha kabla ya watu kukutana kanisani mara ya tatu, ndiyo maana nasisitiza muhuri na tarehe. Anayesubiri kusikia uamuzi kwa uvumi huwa amechelewa. Nenda ukaulize mwenyewe kila wiki.

Mradi ukiwa mkubwa, kama machimbo, kiwanda au jalala la taka, kuna mlango wa NEMA pia, mamlaka ya kitaifa ya mazingira. Kanuni za tathmini ya mazingira za 2003 ziliweka sharti la angalau mikutano mitatu na watu watakaoathirika, na matangazo ya redio kwa lugha zinazoeleweka mahali hapo. Watu wa Lamu walitumia mlango huu. NEMA ilikuwa imeipa kampuni ya Amu Power leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe. Wakaazi wakapinga, na tarehe 26 Juni 2019 Baraza la Kitaifa la Mazingira likaifuta leseni hiyo. Mikutano ilikuwa imefanyika, hilo halikukanwa. Kasoro ilikuwa kwamba watu waliitwa mapema kutambulishwa mradi, kisha uchunguzi ulipokamilika na madhara kujulikana, hawakurudiwa wakaelezwa na kuulizwa. Jifunzeni sentensi moja kutoka Lamu: tuonyesheni ripoti iliyokamilika, kisha mtuulize.

Usisahau fedha. Mpango uliopitishwa bila bajeti hukaa kabatini. Mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti huwasilishwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Mkitaka uzio wa chemchemi au mitaro ya soko la Mwanda iingie mwaka ujao wa fedha, ombi lenu liwe limefika Agosti. Kwenda Mei ni kwenda kuangalia wengine wakigawana.

Huhitaji kungoja kikao kipya ili uanze. Wiki hii mnaweza kuandika barua ya mistari michache kwa idara ya ardhi ya kaunti, mkiomba nakala ya mpango wowote uliopo, uliopitishwa au ulio rasimu, unaogusa Wadi ya Mwanda/Mgange, na orodha ya maombi ya kubadilisha matumizi ya ardhi yanayosubiri uamuzi. Taja Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Inaipa ofisi siku 21 kujibu, na isipojibu unaweza kulalamika kwa Tume ya Haki za Kiutawala, ile tunayoiita Ombudsman. Nakala ikija, ipelekeni shuleni ibandikwe mahali ambapo walimu, wazazi na wanafunzi wa jiografia wataisoma, na muwaombe wanafunzi hao watafute chemchemi zao juu yake, waandike zile ambazo hazimo.